Kabla hujashika spana, jua tairi zipi zinavuta

Wadogo zangu mnaoanza gereji hapa Mtwara msimu huu wa korosho, gari likifika jiulizeni kwanza: injini imekaa wapi, na nguvu yake inaishia tairi zipi? Mimi nilichelewa kujiuliza, na aliyeumia ni mteja.

Kijana mmoja alikuwa na Toyota IST. Kalaza viti vya nyuma, kapanga magunia ya korosho hadi mlangoni. Kwenye kilima kifupi cha mchanga huko Tandahimba, injini inanguruma, gari halipandi. Nikamwambia giaboksi imekwisha. Tukaishusha, kutwa nzima, na giaboksi ilikuwa nzima kabisa. Mpaka leo naona vibaya nikikumbuka siku ile aliyopoteza.

Mzee wetu wa gereji ndiye aliyetufungua macho. IST injini yake imelazwa kwa upana mbele, na nguvu inatoka giaboksi moja kwa moja kwenda tairi za mbele. Uzito wa injini ndio unaozikandamiza zishike ardhi. Ukirundika mzigo nyuma kabisa, pua inanyanyuka. Ukianza kupanda, mlima nao unaurudisha uzito nyuma. Tairi zinazovuta zinabaki nyepesi, zinachimba mchanga tu. Mzee akamwambia yule kijana asogeze magunia yaegemee viti vya mbele, na akifika pale kilimani ageuze gari apande kwa rivasi, taratibu, mtu akimwongoza. Hapo tairi za mbele zinakuwa upande wa chini, uzito unazilalia. Alipanda.

Hiace ni habari nyingine. Injini iko chini ya viti vya mbele, lakini nguvu inasafiri kwa propela, ule mhimili mrefu unaozunguka chini ya gari, hadi difu ya nyuma, yale magia yanayoigawa kwa tairi mbili za nyuma. Ikiwa tupu kwenye tope la masika inacheza mkia. Ikijaa abiria inatulia. Bajaji haina safari hiyo: injini iko nyuma, karibu na tairi zinazosukuma.

Kwa hiyo usione injini mbele ukadhani tairi za mbele ndizo zinavuta. Wala jina lisikudanganye. Noah za zamani, zenye injini chini ya viti, zinasukuma kwa nyuma. Zile zilizoanza kutoka 2001 injini imehamia puani na zinavuta kwa mbele, ukiacha za foo wili. Lala chini utazame: ukiona propela, nguvu inafika nyuma.

Ukishajua hilo, hata mlio unaeleweka. Gari linalovuta kwa mbele likigonga ka-ka-ka unapokata kona, angalia joint, kile kiungo cha ekseli karibu na tairi la mbele, na mpira unaoifunika, huenda umechanika na grisi imekwisha. Linalosukuma kwa nyuma likigonga mara moja unapoachia klachi, anza na krosi, vile viungo vya propela.

Na kuburuta, jamani, hapo mnaharibu mali za watu. Gari la otomatiki likizimika Mingoyo, msilifunge kamba mkalivuta hadi Mtwara tairi zinazopokea nguvu zikiwa chini. Zikizunguka huku injini imezima, pampu ya mafuta ya giaboksi haifanyi kazi, na vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Ninyanyulieni tairi hizo, au tafuteni gari la kulibeba lote, hata kama mwenyewe analalamika bei.