Meza ya Gemu: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Ouya

Wadau habari za huko. Toleo lililopita niliitaja Ouya kwa mistari miwili tu na meseji zimemiminika, Tabata, Kigamboni, Mbagala mpaka Gongo la Mboto, kumbe hizi mashine zipo mitaani kwetu kuliko nilivyofikiria, kwa hiyo leo ukurasa wote ni wake. Kwa asiyeijua: ni kimashine cha gemu kidogo cha mraba, unakishika kwa mkono mmoja, kinaendeshwa na Android na unakichomeka kwenye tivii. Walioianzisha huko Marekani walichangisha hela kwa watu wa kawaida kupitia Kickstarter mwaka 2012, wakaomba dola 950,000 wakapata zaidi ya milioni 8.5 kutoka kwa watu zaidi ya 63,000. Madukani iliingia tarehe 25 Juni 2013 kwa dola 99, na ahadi kubwa ilikuwa kwamba ukishainunua ni yako kweli, ruksa kuifungua na kuichokonoa ndani na nje.

Mambo vipi bro. Kuna jamaa Kariakoo ana Ouya ya mtumba, mashine na pedi moja na chaja yake, anataka elfu tisini. Anasema ni kama PS ila ya Android. Nichukue au napigwa? – Msomaji, Tabata Segerea

Poa kaka. Usitoe hela bado. Sio kama PS, hapo amekupamba. Ndani ina Tegra 3, ile ile familia ya prosesa iliyokuwa kwenye tableti ya Nexus 7 ya mwaka 2012, RAM ni GB 1 na nafasi GB 8 (kuna nyeupe ilikuja baadaye yenye 16), na Android yake ni 4.1. Kwa hiyo gemu za simu za siku hizi sahau, na Play Store haikuwahi kuwemo, walikuwa na duka lao wenyewe ambalo lilishafungwa. Inachoweza vizuri mpaka leo ni emuleta, yaani programu zinazoiga mashine za zamani ili ucheze gemu zake, za Super Nintendo, Sega, na PS1 pia inazimudu bila kukwama kwama, PS2 usijaribu.

Sasa mwambie jamaa aichomeke kwenye tivii mbele yako. Ikiwaka ikafika kwenye menyu kuu, ile yenye sehemu nne za Play, Discover, Make na Manage, hapo mnaweza kuongea bei. Ikisimama kwenye ukurasa wa kuingiza akaunti, bei ishuke sana au muachie mashine yake, sababu utaiona kwenye swali linalofuata. Soma pia maandishi madogo kwenye chaja, ikiwa imeandikwa 100-240V uko salama, ikiandikwa 120V peke yake usiichomeke kabisa kwenye soketi ya kwetu maana umeme wetu ni 230V. Na hiyo pedi ifungue mbele yake, usione aibu, nitaeleza huko chini uangalie nini. Kwa elfu tisini mimi ningechukua kama vyote hivyo vimepita na kama unataka kitu cha kujifunzia na kucheza gemu za utotoni, ila kama unachotaka ni mpira wa sasa hivi hiyo hela iweke akiba.

Nilikuwa nayo inafanya kazi vizuri tu, mdogo wangu akaingia kwenye mipangilio akafuta kila kitu ili "iwe nyepesi". Sasa inataka niingie kwenye akaunti na haiendi popote. Fundi kaniambia imekufa, niitupe. – Msomaji, Kigamboni

Dada pole, na tafadhali usiitupe, haijafa! Kilichotokea ni kwamba ile mashine ikianza upya lazima iulize seva za wenyewe (kompyuta zao za mtandaoni) kwanza ndio ikufungulie mlango. Kampuni ya Razer iliichukua Ouya mwaka 2015, na tarehe 25 Juni 2019 seva zikazimwa moja kwa moja. Kwa hiyo yako inapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Ndio maana kila mwenye nayo namwambia usifute mipangilio, usifanye reseti, hata ikiwa nzito vipi, afadhali ufute gemu moja moja.

Dawa ipo. Wapenzi wa hii mashine walitengeneza seva mbadala inayojibu maswali yale yale iliyokuwa inajibu ile ya zamani. Unachofanya ni kuiunganisha Ouya na laptopu kwa waya wa micro-USB (tundu liko nyuma), halafu kwenye kumbukumbu ya ndani unaweka kifaili kidogo cha maandishi kinachoitwa ouya_config.properties, ndani yake kuna anwani ya seva mpya, basi. Ukiiwasha tena inaenda kuuliza huko na inakubali. Kwa hiyo sio kazi ya bisibisi wala kuchoma risasi, tafuta kijana yeyote wa simu anayejua kutumia adb (programu ya laptopu ya kuongea na vifaa vya Android), wapo wengi tu, anamaliza mezani ukiwa umekaa unasubiri.

Ila jua kitu kimoja, gemu ambazo watu walizilipia zamani na ambazo kila zikifunguka zinauliza seva kama umelipa kweli, nyingi zilikwama toka ile 2019. Hili linaniuma mpaka leo. Mtu katoa hela yake halali halafu gemu inakataa kufunguka kwa sababu kompyuta ya mbali imezimwa.

Mimi ni wa kwanza kwanza hapa mjini, shemeji aliniletea kutoka Marekani 2013. Naiwasha tu, ikataka sasisho, bando la modemu likakata kabla haijamaliza. Nikaongeza bando, ikamaliza, ikataka namba ya kadi ya benki hata gemu moja sijaiona. Nina M-Pesa tu mimi, kadi ya wapi? Wenzangu wa nje nao walipitia haya au ni sisi tu? – Msomaji, Upanga

Walipitia kaka, tena kelele zao zilikuwa kubwa. Za kwanza zilianza kutumwa kwa waliochangia mwishoni mwa Machi 2013 na programu ndani yake ilikuwa bado mbichi, ndio maana ya lile sasisho la lazima, na waandishi wa gemu waliozipata mapema waliisema vibaya. Halafu ilipofika Juni ikawa inauzwa madukani wakati baadhi ya waliotoa hela mwaka mzima nyuma bado hawajapata ya kwao, hapo watu walikasirika kweli kweli, na wana haki. Suala la kadi ya benki nalo lililalamikiwa hata Marekani kwenyewe ambako kadi ni kitu cha kawaida, seuze sisi. Mimi naliona ndilo kosa kubwa kuliko lile la pedi (lipo kwenye swali linalofuata), maana mashine ya bei rahisi mteja wake wa kwanza ni yule asiye na kadi, ukimfungia mlango huyo umebaki na nani?

Upande mwingine niwape haki yao. Sheria yao ya mwanzo ilikuwa kila gemu kwenye duka lazima uweze kuijaribu bure kwanza, na hilo lilikuwa jambo zuri sana. Na uwazi haukuwa maneno ya tangazo tu: kivinjari kilikuwemo ndani, unashusha faili la APK (ndilo faili la kuinstoli programu ya Android), unaliinstoli, linakaa kwenye sehemu ya Make, hakuna wa kumuomba ruhusa. Unaweza hata kuleta APK na flashi. Watu waliitoa kwenye boksi wakaweka XBMC (ndio hiyo sasa inaitwa Kodi) na kuifanya ya kuangalia muvi sebuleni. Ukitaka kufanya hivyo leo tafuta toleo la zamani, Kodi 17 kwenda mbele inataka Android 5.0.

Pedi yangu vitufe vinazama havirudi, halafu nikibonyeza kuruka jamaa anaruka baadaye nimeshakufa. Ni pedi au ni mashine? – Msomaji, Mbagala Rangi Tatu

Ni vyote viwili mdau, na hili ndilo lililowasumbua wa mwanzo kuliko kitu kingine chochote. Pedi ya Ouya ina vifuniko viwili vya juu vinavyobanduka, kushoto na kulia, vimeshikiliwa na sumaku, na betri za AA zinakaa humo, moja kila upande. Kwenye zile za awali matundu ya vitufe kwenye kifuniko yalikuwa yanabana sana, ukibonyeza kwa pembeni kitufe kinaingia chini ya kingo kinanasa hapo. Wenyewe walikubali, madukani ilikuwa iingie tarehe 4 Juni wakasogeza mpaka 25, na kwenye zilizofuata matundu yakapanuliwa. Kwa hiyo yako inawezekana ni ya zile za mwanzo. Bandua kifuniko cha kulia, angalia kingo za matundu, chukua msasa laini kabisa upitishe taratibu sana, unajaribu, unapitisha tena. Usitumie kisu. Na kwa hali ya hewa yetu hii ya joto na chumvi angalia vile vyuma vinavyogusa betri, vikiwa na kutu ya kijani safisha kwa spiriti na pamba, na ukikaa muda mrefu bila kucheza toa betri.

Kuchelewa ni kwa sababu pedi inaongea na mashine kwa Bluetooth na mawasiliano yenyewe sio imara. Usiifiche mashine nyuma ya tivii wala ndani ya kabati, iweke mbele ionane na pedi, karibu. Angalia na tivii yenyewe, nyingi zina modi ya gemu kwenye mipangilio ya picha, iwashe, utashangaa. Ukichoka kabisa tafuta pedi ya waya ya Xbox 360, unaichomeka kwenye USB inasoma, kuchelewa kule kunapungua sana. Mimi kwa gemu za kuruka ruka hiyo ndiyo ninayowashauri watu wote.

Habari mwandishi. Mwanangu wa darasa la sita ananiganda kila siku kuhusu hii. Mtumbani wanaiuza. Ni salama kwa mtoto? – Mama, Mbezi Beach

Shikamoo mama. Duka lenyewe halipo tena, kwa hiyo hakuna pa kukatwa hela kwa bahati mbaya, hilo lisikutishe. Cha kuangalia ni APK zinazookotwa ovyo mtandaoni, za kutoka popote zinaweza kuwa na virusi, na hiyo Android ya 4.1 ni ya zamani haipati tena ulinzi mpya. Usimruhusu aingize akaunti yako ya barua pepe wala ya benki humo. Gemu awekewe na mtu mzima anayejua, kisha waifai izimwe. Na iwekwe kwenye meza tupu mama, sio juu ya kile kitambaa cha kufuma cha kwenye stendi ya tivii, inahitaji hewa, ina feni ndani na ikiziba inapata moto sana.

Nina banda la gemu Manzese, PS2 zangu zinachoka. Nikiweka Ouya mbili tatu wateja watakuja? – Msomaji

Hapana bosi. Wateja wa banda wanataka mpira na hapa mpira wa maana hakuna. Pedi zake za akiba nazo hupati kirahisi, na pedi za banda tunajua zinavyopigwa. Kuna gemu nzuri za watu wengi kwa wakati mmoja, TowerFall ilianzia hapa hapa kwenye Ouya kabla ya kwenda PS4 mwaka 2014, wanne mnarushiana mishale kwenye tivii moja na kelele zake si za kawaida, na BombSquad inabeba mpaka watu wanane. Moja ya kuchangamsha kona sawa. Ya kukulipia pango la banda, hapana.

Nasoma kompyuta, naishi Mwenge hosteli, nimepewa Ouya na kaka. Natamani kutengeneza gemu yangu mwenyewe iwe ya Kiswahili. Inawezekana kwenye hii au nitafute kitu kipya? – Msomaji

Hili swali limenifurahisha kuliko yote, anza na hiyo hiyo! Kila Ouya iliyouzwa ilikuwa ni ya kuchezea na ya kutengenezea kwa pamoja, wakati kampuni kubwa zilikuwa zinauza mashine za watengenezaji kwa bei ambayo mwanafunzi hagusi. Ukiandika gemu yako weka kiwango cha chini kuwa API 16, ndiyo Android 4.1, tumia adb kuipeleka kwenye mashine, ndani ya muda mfupi unaiona kwenye tivii na unaishika kwa pedi. Na kwa kuwa mashine haina nguvu utalazimika kuandika msimbo (code) safi, picha nyepesi, hakuna kujaza jaza, na gemu ikitembea vizuri kwenye RAM ya GB 1 itatembea kwenye simu za bei ya chini walizonazo watu wengi hapa mjini, hao ndio wachezaji wako.

Tahadhari moja nzito. Utasoma kwamba unaweza kubadilisha Android nzima ukaweka nyingine. Inawezekana, watu walifanya, lakini Ouya haina vitufe vya sauti kama simu, ina kitufe cha kuwasha tu, kuingia kwenye rikava (sehemu ya kuokolea mashine mfumo ukiharibika) unahitaji kibodi ya USB, unashikilia Alt na SysRq huku unabonyeza herufi i mara kwa mara mpaka ijizime, ikianza kuwaka unabonyeza Home. Na kama sehemu ya kuwashia yenyewe umeiharibu hata hiyo haitakusaidia. Kwa hiyo tengeneza gemu kwanza, mfumo uache ulivyo mpaka uwe na mashine ya pili ya majaribio. Ukifikisha gemu yako mahali pa kuchezeka nitumie APK, nitaijaribu na nitaiandika hapa.

Tivii yangu ni ya chogo, ina zile tundu tatu za rangi. Itakubali? – Msomaji, Gongo la Mboto

Moja kwa moja hapana, Ouya inatoa picha kwa HDMI tu. Nunua kigeuzi cha HDMI kwenda AV, kiwe kile cha kuchomekwa umeme pembeni, sio waya mtupu wenye HDMI upande huu na rangi tatu upande ule, huo haufanyi kazi hata muuzaji akikuapia. Maandishi yatakuwa madogo na yenye ukungu kidogo, ila gemu za zamani kwenye chogo zinapendeza kweli.