Roti jala: kwa nini nyuzi zinakatika?

SWALI: Napika roti jala, ule mkate mwembamba wa Malaysia ulio kama wavu. Uji wa unga unadondoka matone badala ya kuchora nyuzi, na michache inayotoka vizuri huchanika nikiikunja. Nakosea wapi?

JIBU: Hayo ni makosa mawili. Matone hutokana na uji mzito. Kwa gramu 250 za unga wa ngano, tia yai 1, mililita 250 za tui zito, mililita 250 za maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, robo kijiko cha manjano na kijiko kikubwa 1 cha mafuta. Piga, kisha chuja. Tafadhali usiruke kuchuja: donge moja dogo likiziba tundu la kumiminia, wavu wote umeharibika.

Acha uji utulie dakika 30. Unga hunywa maji, kwa hiyo uji uliokuwa mwepesi mwanzoni huweza kuwa mzito baada ya nusu saa. Upime tena: uchote kwa upawa, uumimine. Uteremke kama uzi usiokatika. Ukikatika, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Ukitapakaa kikaangioni na kufunga matundu ya wavu, umezidi wepesi. Rudisha unga kidogo, uchuje upya.

Kuchanika ni kosa la moto. Roti jala huiva upande mmoja tu, haigeuzwi. Kwa moto wa wastani, dakika 1 hadi 2 zinatosha. Ubichi ukishaondoka juu, itoe kabla haijapata rangi ya kahawia. Ikizidi hapo nyuzi hukakamaa. Ikunje ingali moto, kingo mbili ndani kisha uviringishe, na uifunike kwa kitambaa. Mafuta yawe ya kupaka tu, maana yakituama nyuzi huteleza na kujikusanya. Wamalay wengi hupaka kwa jani la mrampe (pandan) lililofungwa fundo, nalo huacha harufu nzuri sana.

SWALI: Sina kile kikombe chenye midomo chini cha kumiminia uji wa roti jala. Nitumie nini?

JIBU: Chupa laini ya plastiki. Toboa kizibo matundu 4 au 5 ya milimita 2 hivi, yaachane ili nyuzi zisigandane. Kazi kubwa ni ya mkono: zungusha haraka bila kusita, duara zipandane, kisha pitisha mistari ya kukata katikati ili zishikane. Ukisita, hapo panafanya bonge. Jala kwa Kimalay ni kimia cha kuvulia samaki, na mkate unapaswa ufanane nacho.

SWALI: Huliwa na nini?

JIBU: Mara nyingi kari ya kuku yenye viazi, mchuzi uwe wa kutosha kwa sababu matundu huunywa. Wanaopenda utamu huila na serawa, tui lililochemshwa na sukari ya mnazi, pengine kwa tunda la durian.