Kuhesabu na kukusanya ndege kwenye atoli

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhifadhi hapa Moshi. Nasoma kwamba watafiti wanaokwenda visiwa vya matumbawe kama Aldabra huhesabu ndege, na siku hiyohiyo huua baadhi kwa ajili ya makumbusho. Siku kama hiyo hupangwaje? Na kwa nini umuue ndege unayetaka ahifadhiwe?

JIBU: Ratiba ya atoli, yaani kisiwa cha matumbawe kama hicho, hupangwa na bahari. Aldabra, huko Ushelisheli, maji hujaa na kupwa kwa takriban mita 3. Yakipwa, ndege wa pwani hutawanyika kwenye matope wakitafuta chakula, na kuwahesabu ni kazi bure. Yakijaa, hubanana kwenye nchi kavu iliyobaki, na huo ndio wakati wako. Basi jambo la kwanza ni kujua saa za maji.

Ndege wa vichakani huhesabiwa kunapopambazuka. Unasimama kituoni, unatulia kidogo, kisha kwa dakika kumi hivi unaandika kila uliyemwona au kumsikia, pamoja na umbali wake. Wanafunzi wengi huruka umbali, na bila huo huwezi kukadiria wako wangapi kwa hekta. Jua likiwaka wananyamaza, pumzika. Ndege wa baharini wanaotaga kwenye mikoko wahesabu kutoka mtumbwini, kwa mbali. Ukiwatimua, yai linabaki juani, na kaa hachelewi kulila.

Kuua ni suala zito, na umefanya vizuri kuliuliza. Kwangu mimi, kama picha, sauti, tone la damu au unyoya unatosha kujibu swali lako, huna ruhusa ya kimaadili ya kuua. Lakini yapo maswali yasiyojibiwa hivyo. Mwaka 1967 Mwingereza Derek Ratcliffe alionyesha kwamba maganda ya mayai ya kipanga yalikuwa yamekuwa membamba, kwa kuyalinganisha na mayai ya zamani yaliyohifadhiwa na wakusanyaji. Baadaye ilithibitika kuwa chanzo ni DDT, dawa ya kuua wadudu. Waliookota mayai yale hawakuijua hata DDT.

Aldabra penyewe kulikuwa na ndege mdogo wa vichakani, Nesillas aldabrana, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1968 na kuonekana mara ya mwisho 1983. Leo anayetaka kumchunguza anategemea vielelezo vilivyochukuliwa wakati ule. Mfano huohuo unatuonya: spishi ikiwa na ndege wachache tu, hata mmoja ni wengi.

Ukishamchukua ndege, usimpoteze kwa uzembe. Kwenye joto lile anaanza kuoza ndani ya saa chache. Mpime uzito mara moja, andika rangi ya macho, mdomo na miguu kabla haijafifia, kata kipande cha msuli ukitie kwenye spiriti, ndipo umchune. Unga wa mahindi hunyonya mafuta na damu vizuri. Pamba hujaza mwili. Kisha lebo mguuni: mahali, tarehe, jinsia, jina la mkusanyaji. Iandike kabla hujamgusa ndege wa pili, kwa penseli au wino usiofutika kwa maji. Ngozi nzuri isiyo na lebo haina kazi kwa mtafiti.

Huna haja ya kusubiri Aldabra. Zoeza macho na masikio kwenye maziwa ya Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ama kuchuna, anza na ndege waliokufa kwa kugonga vioo, baada ya kuuliza habari za kibali TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, ambayo makao yake makuu yapo Arusha.