Mbwa mgeni anayejificha nyuma ya simtanki

Pole dada, umesema mbwa wenu mpya anajificha nyuma ya simtanki na anakula usiku tu, ila huo sio ugonjwa, huyo katoka kijijini Sengerema kavushwa na feri ya Kamanga, afu anashushwa Igoma, Mwanza mjini, kwenye makelele ya bodaboda na maspika, lazima achanganyikiwe. Usimvute kwa kamba atoke, na madogo wa hapo nyumbani wasimzonge. Muwekee gunia hapo hapo kwenye kona yake na maji karibu, chakula muda ule ule kila siku afu ondoka. Jioni kaa chini mbali kidogo umgeuzie ubavu, usimkodolee macho maana kwa mbwa hiyo ni kutishana, we chezea simu yako huku unamrushia dagaa mmoja mmoja, wakavu wasio na chumvi sio wale wa kukaanga, kila siku unawadondosha karibu na wewe zaidi. Akija kunusa mwache anuse, ukimgusa anza kifuani, sio kumshushia mkono kichwani. Geti lifungwe muda wote aisee, mwoga akichomoka wiki hizi anakimbia tu na kurudi hajui. Wanaosema mcharaze azoee achana nao, atazoea kung'ata. Chanjo ya kichaa cha mbwa muulize afisa mifugo wa kata, akiwa na miezi 3 anachomwa, afu inarudiwa. Ila akiharisha damu, akitapika au asipogusa hata maji, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.