Kukaa na familia ya wenyeji Ujerumani: saa zako, dirisha na omena

Dadangu wa Kisumu, umeuliza utaishije na familia itakayokupokea Ujerumani kwa mpango wa au pair, yaani kijana anayeishi na familia ya kigeni akisaidia kutunza watoto na kazi ndogo za nyumbani. Anza na mkataba. Kazi haizidi saa 6 kwa siku na saa 30 kwa wiki, pesa ya mfukoni ni yuro 280 kwa mwezi, na chumba ni chako peke yako. Wasichana wetu hukwama hapa kwa sababu ya heshima: kazi ikiongezwa wananyamaza, halafu siku moja yanamwagika yote. Andika saa zako daftarini kila jioni, na mwisho wa wiki mzipitie pamoja na mama mwenye nyumba.

Ugali hauna shida. Omena, yaani dagaa, ndiyo ina mambo, maana harufu hushika makoti na wakati wa baridi madirisha hufungwa. Omba ruhusa kwanza, funga mlango wa jikoni, fungua dirisha lote. Bafuni vivyo hivyo: ukimaliza kuoga, acha dirisha wazi dakika 5 hadi 10, la sivyo mvuke utatulia ukutani na kuvu itaota. Hilo huwaudhi wenyeji kuliko sahani chafu. Mursik (maziwa ya mgando) na nyama acha nyumbani. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuziingiza.

Tena, ukikaribishwa chakula usikatae kwa adabu ukingoja kusihiwa. Ukisema hapana, sahani inaondoka, nawe utalala njaa.