Deni la Kadi la Kaka Yangu

SWALI: Kaka yangu, mwalimu hapa Tabora mjini, amelimbikiza deni la kadi ya mkopo, na benki sasa inanipigia simu mimi. Je, nimlipie?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Ikiwa hukutia saini kama mdhamini, deni hilo si lako kisheria. Mwombe kaka akuonyeshe taarifa ya kadi, kwa maana anayelipa kiwango cha chini tu kila mwezi hulipa riba zaidi, huku deni lenyewe likibaki karibu palepale. Kisha msindikize tawini, aombe kwa maandishi mpango mpya wa marejesho unaolingana na mshahara wake. Nakusihi, asikope kwingine ili alipe hapa. Familia huuza hata shamba la tumbaku kwa njia hiyo.