70-300 iache dukani: lenzi ya kutembea nayo Kampala

Mkuu, umesema unakuja Kampala kwa siku 4 kutoka Mwanza, una kamera ya Nikon D5600 na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, na hela yako inatosha lenzi moja tu. Unafikiria 70-300, lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, ili upige watu mitaani bila kuwasogelea. Mimi ni mtu wa Bukoba, huu ni mwaka wa 9 naishi hapa na kupiga picha za mitaani, na nilianza na wazo hilohilo. Nakusihi uchukue 35mm f/1.8, lenzi fupi isiyovuta, yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga.

Wiki zangu za mwanzo niliingia soko la Owino na lenzi ndefu. Nikajibanza pembeni, nikamlenga mama mmoja aliyekuwa akikunja mitumba. Aliponiona alijifunika uso kwa shati alilokuwa akiuza, na majirani zake wakaanza kunihoji natafuta nini. Walikuwa na haki, maana nilikuwa namvizia. Baada ya siku kadhaa nilirudi na 35. Nikamsalimia kwa Kiganda, "Oli otya, nnyabo," yaani habari yako mama, nikauliza bei ya mashati, tukaongea, kisha nikaomba picha. Akakubali na kuendelea kukunja nguo zake. Ile picha ninayo mpaka leo: mikono yake, rundo la nguo, mwanga unaopenya kwenye nafasi za paa. Sensa ya D5600, kile kipande kinachopokea picha, ni ndogo kuliko ya kamera za fremu kamili, kwa hiyo zidisha mara 1.5: 35 yako inaona kama 52 hivi kwenye kamera hizo, na huo ni umbali wa watu wawili wanaozungumza. Usiogope kusogea. Salamu kwanza, kamera baadaye. Mwanamume mwite ssebo.

Halafu nafasi yenyewe. Pale Old Taxi Park, kituo cha magari ya abiria, magari yamebanana mlango kwa mlango, na ukisimama na 70-300 utaambulia sikio la kondakta na nusu ya kioo. Mtu yeyote mwenye mzigo kichwani akikatiza, fremu imejaa.

Jambo jingine ni giza. Huku kwenye ikweta jua huzama kuelekea saa moja jioni mwaka mzima, na halina jioni ndefu: dakika ishirini na kitu tu, kwisha. Na ndipo mji unapochangamka. Nenda Wandegeya kwa wauza rolex, chapati na mayai vinageuzwa chini ya balbu moja. Hiyo 18-55 ukiiweka kwenye 35 tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/4.5 au f/5 hivi (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kwa ISO 1600, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, ikikupa kasi ya 1/30 ya sekunde, mkono wa mpishi utatoka ukungu. Kwa f/1.8 unapata karibu 1/200 mahali hapohapo, na yai linaganda hewani.

Kuna sehemu moja tu utakayoitamani lenzi ndefu: juu ya mnara wa msikiti wa Gaddafi, Old Kampala. Unaiona Namirembe, Rubaga na vilima vingine vimepangana. Panda asubuhi kabla jua halijawa kali, tumia ile 55 ya lenzi yako, itakutosha. Ila lenzi zibadilishie ndani ya jengo. Mimi niliwahi kubadilisha juu ya bodaboda wakati wa kiangazi, na vumbi jekundu likaingia kwenye sensa. Anga ya kila picha ya safari ile ina madoa.

Kama bado una shaka, kabla hujatoa hela bandika utepe kwenye 18-55 yako ikiwa kwenye 35, zunguka nayo Makoroboi, huko kwenu Mwanza, siku nzima, usiiguse. Utajua mwenyewe kama macho yako yanakaa vizuri hapo. Wengine huona finyu na kupenda 24, inayoona pana zaidi, hilo nalielewa.

Na kwa kuwa utanunua iliyotumika, soma maandishi kwenye lenzi. D5600 haina mota ya kufokasi ndani ya bodi, kwa hiyo lazima iwe na herufi AF-S au AF-P, yaani lenzi yenye mota yake yenyewe. Mimi niliuziwa 50mm f/1.8D kwa maneno matamu, nikafika nyumbani nikagundua nazungusha fokasi kwa mkono. Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe palepale dukani, bonyeza kitufe nusu, lenga kitu cha karibu kisha cha mbali, ndipo utoe pochi.